KWA NINI MZEE ANATETEMEKA?
Mafuta na proteini mu ubongo wetu



Mwezi huu tuliombwa kuandika juu ya usafi wa masomo yetu. Mutusamehe, usafi tutauandika mwezi ujao. Kuna jambo lingine ambalo limetusumbua moyo, na tumeona vizuri tulieleze kwanza.

Wote munamjua mzee anayeshona viatu chini ya mwembe, mbele ya mlango wa masomo hapa Bel-Air. Alikuwa pale siku ya kwanza tulipoingia tukiwa wadogo. Zamani mkono wake ulikuwa mwepesi. Kiatu unakiacha asubuhi, saa ya mapumziko unakikuta tayari, na ndani yake kijikaratasi chenye jina lako kwa herufi kubwa nzuri. Tangu miaka miwili hivi mambo yamebadilika. Mkono wake wa kuume unatetemeka hata akikaa tu bila kazi. Anatembea kwa hatua fupi-fupi kama mtu anayeogopa kuteleza. Uso wake hauchangamki tena, hata ukimletea habari ya furaha. Na zile herufi zimekuwa ndogo, ndogo, mpaka mwenye kiatu hawezi kusoma jina lake mwenyewe.

Sisi tulifanya nini? Tuseme ukweli, juu kapita anayeficha makosa yake hawezi kuandika makosa ya wengine mu kaye. Tulicheka. Wamoja walimpa jina la «Mzee Tetema». Wengine waliiga mwendo wake mu kiwanja, na sisi makapita tulisimama pale pale bila kuandika jina la mtu hata mmoja. Wamoja walisema amelewa lutuku. Wengine walisema ni bulozi.

Mjukuu wake anasoma nasi, kalasi za chini. Muhula huu alikosa masomo siku tisa. Tulipotumwa kwao kuuliza sababu, tulimkuta amekaa ku mlango wa lupango, na neno alilotuambia hatutalisahau:

«Yaya, banasema kambo yangu ni mulozi, juu anatetemeka. Hakuna mutu anakubali kuikala na miye pa benchi. Banasema nitabaambukiza. Lakini kambo haina mulozi, Yaya. Eko mugonjwa.»

Ndani ya nyumba tulielezwa mengine. Watu fulani walikuwa wamempeleka mzee kwa maombi, wakamkazia aungame bulozi wake. Mzee hakuwa na la kuungama. Baadaye munganga mmoja alimpima, akamwomba anyoshe mikono, afungue na kufunga vidole, atembee, aandike sentensi moja ku karatasi. Kisha akataja jina la ugonjwa. Mtoto alikuwa na haki: kambo ni mgonjwa.

Tulirudi na haya. Tuliomba mwalimu wetu wa biolojia atusaidie kusoma, na tuliyoyaelewa tunawaletea hapa. Mambo mengine ni magumu kidogo, lakini musome polepole mpaka mwisho.

1. JINA LA UGONJWA

Ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa Parkinson. James Parkinson alikuwa munganga wa London. Mwaka 1817 alitoa kitabu kidogo ambamo alieleza habari za watu 6 waliokuwa na alama zilezile: kutetemeka wakati mkono umepumzika, kuinama, kutembea kwa haraka na hatua fupi. Wengine waliokuja baada yake waliongeza alama nyingine: viungo kukaza, kazi zote kufanyika polepole, uso kutoonyesha furaha wala huzuni, sauti kupungua, na herufi kuwa ndogo wakati wa kuandika. Mara nyingi mtu anapoteza hata uwezo wa kunusa, miaka mingi mbele ya kutetemeka.

Basi muone: vile vijikaratasi vya viatu vilikuwa vinatupa habari ya ugonjwa wakati sisi tulikuwa tunacheka.

Sababu ya alama hizi iko mu ubongo. Chini, karibu na katikati, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Seli zake zinatengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Dopamini inasaidia ubongo kuanzisha mwendo wa mwili na kuuongoza. Mu ugonjwa wa Parkinson seli hizi zinakufa kidogo-kidogo, kwa miaka mingi. Siku mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kufa tayari.

Ugonjwa huu hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kukaa pa benchi moja na mgonjwa, wala kwa kula naye, wala kwa kuvaa kiatu alichokishona. Tena mjukuu wa mgonjwa si mgonjwa.

2. MADONGE NDANI YA SELI

Mwaka 1912 munganga mmoja wa Ujerumani, Lewy, alitazama kwa mikroskopi ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa huu. Aliona ndani ya seli madonge madogo ya mviringo. Mwaka 1919, mu Paris, Tretiakoff aliyaona madonge hayo mu ile sehemu nyeusi, na akayaita kwa jina la Lewy. Mpaka leo tunasema «miili ya Lewy».

Lakini madonge hayo yalitengenezwa na nini? Jibu lilichelewa sana. Lilikuja mwaka 1997. Mwaka ule wataalamu walifuata jamaa moja ya Italia na jamaa kadhaa za Ugriki ambamo ugonjwa ulikuwa unapita kutoka mzazi mpaka mtoto, jambo ambalo kwa kawaida ni la nadra. Waligundua kwamba wagonjwa wa jamaa hizo wana kosa moja mu jeni la proteini inayoitwa alfa-sinukleini. Mwaka uleule wengine walionyesha kwamba miili ya Lewy imejaa proteini hiyo, hata kwa wagonjwa wasiokuwa na kosa la jeni.

Alfa-sinukleini si sumu, wala haikutoka inje. Kila mmoja wetu anayo sasa hivi mu ubongo wake, na ni nyingi. Inakaa zaidi pale ambapo seli moja ya ubongo inapeleka habari kwa seli nyingine. Pale kuna vimfuko vidogo sana vyenye dopamini na vitu vingine vya kupeleka habari, na alfa-sinukleini inasaidia kuvipanga.

Ulizo ni hili: kitu kizuri, chenye kazi yake, kinageukaje kuwa donge?

3. PROTEINI ISIYO NA UMBO

Mu kalasi tulifundishwa kwamba proteini ni kama mnyororo. Kila pete ya mnyororo ni asidi amine moja. Alfa-sinukleini ina pete 140. Proteini nyingi, zikiisha kutengenezwa, zinajikunja na kupata umbo moja la kudumu. Umbo hilo njo linazipa kazi, sawa vile meno ya ufunguo yanavyoupa ufunguo kazi ya kufungua kufuli moja tu.

Alfa-sinukleini haifanyi hivyo. Ikiwa peke yake mu maji ya seli, haina umbo la kudumu. Inajinyosha, inajikunja, inageuka tena, bila kutulia. Wataalamu wanaziita proteini za namna hii proteini zisizo na mpango. Si kwamba zimeharibika. Zimeumbwa hivyo, na kukosa umbo kunazisaidia kushikana na vitu mbalimbali.

Sisi makapita tunaelewa jambo hili vizuri. Mutazame wanafunzi saa ya mapumziko: huyu anakimbia, huyu anaruka, huyu amelala mu majani. Hakuna mpango, lakini hakuna ubaya vilevile. Kengele ikilia, kila mmoja anaingia mu kalasi, anakaa pa benchi, mgongo unanyoka. Benchi njo limempa umbo.

Alfa-sinukleini nayo iko na benchi lake. Benchi hilo ni mafuta.

4. MAFUTA GANI?

Hapa tuangalie tusidanganyike. Hatusemi mafuta ya mawese yaliyo mu sombe. Tunasema mafuta ambayo mwili umeyatumia kujenga ngozi ya kila seli.

Mukausha ubongo mpaka maji yote yatoke, karibu nusu ya uzito unaobaki ni mafuta, au hata zaidi ya nusu. Mafuta hayo yanafanya kazi ya ukuta. Chembe nyingi za mafuta ya ukuta zina kichwa na mikia miwili. Kichwa kinapenda maji, mikia inayakimbia. Kwa hiyo chembe zinajipanga safu mbili: vichwa vinatazama maji ya inje na maji ya ndani, mikia inajificha katikati. Munaweza kuona tabia hii ku nyumba. Mimina mawese mu maji, yatapanda juu. Tia sabuni na utikise, yatachanganyika, juu chembe ya sabuni nayo ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta.

Ukuta huu si mgumu kama wa matofali. Unateleza na kupindika. Hapa Lubumbashi tunajua mafuta yanavyobadilika. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikaza, mawese yanaganda mu chupa, na mama anaweka chupa karibu na mbabula ili yayeyuke. Lakini mafuta ya karanga hayagandi hivyo. Tofauti inatoka ku mikia. Mkia ulionyoka unabanana na mwenzake, na mafuta yanakaza. Mkia uliopindika unaacha nafasi, na mafuta yanabaki laini. Mu ukuta wa seli iko mikia ya namna zote mbili, na ubongo una mikia mingi iliyopindika.

Tena vichwa havifanani. Vingine havina umeme, vingine vina umeme hasi. Sehemu ya mbele ya alfa-sinukleini ina pete nyingi zenye umeme chanya. Mu shimi tunajua: hasi na chanya vinavutana. Basi proteini ikikutana na kimfuko chenye vichwa hasi, inajilaza juu yake. Karibu pete 95 za kwanza zinashika mafuta, na zikishika zinajizungusha kama ngazi ya kuzunguka. Kelele imekwisha, mwanafunzi amekaa pa benchi. Sehemu ya nyuma ya mnyororo inabaki huru, inapepea mu maji.

Hiyo njo hali nzuri, hali ya kazi ya kila siku.

5. MABENCHI YAKIWA MACHACHE

Sasa tufike pa ugumu. Mwaka 2015 Céline Galvagnion na wenzake wa Cambridge, mu Uingereza, walitoa habari ya kazi waliyofanya mu laboratwari. Walichukua alfa-sinukleini safi, wakaichanganya na vimfuko vidogo vya mafuta yenye vichwa hasi, kwa vipimo mbalimbali.

Walipoacha proteini peke yake bila mafuta, na bila kuitikisa, ilikawia sana kushikana. Walipoweka mafuta mengi kabisa, proteini zote zilipata nafasi ya kulala, na madonge hayakutokea. Lakini walipoweka mafuta ya kadiri, yasiyotosha kwa proteini zote, nyuzi zilianza kuota juu ya vimfuko. Kuanza kwa nyuzi hizo kulienda mbio mara 1.000 na zaidi kupita bila mafuta.

Kwa nini? Turudi mu kalasi yetu. Benchi la watu watatu, wakikaa watatu, kila mmoja ananyosha mgongo. Wakija saba, wamoja wanakaa nusu, wengine wanashikilia mabega ya wenzao, na wale waliosimama wanajisukuma waingie. Hapo hatuna tena kalasi, tuna fungu la watu walioshikana.

Proteini nazo ni hivyo. Zikibanana juu ya mafuta machache, zinakaribiana kupita kiasi. Katikati ya mnyororo, toka pete ya 61 mpaka ya 95, kuna sehemu isiyopenda maji. Sehemu hiyo ikiachiwa na mafuta, inatafuta kitu kingine cha kujishikiza, na kilicho karibu ni sehemu ileile ya mwenzake. Zinalala ubavu kwa ubavu, bapa kwa bapa, kama mbao mu gudulia ya seremala. Uzi umeanza. Uzi ukiisha kuanza, ncha zake zinavuta proteini nyingine, moja baada ya ingine, na zile zilizokuwa huru zinachukua umbo baya la ile ya kwanza.

Basi mafuta yana nyuso mbili. Yakitosha, yanalinda. Yasipotosha, yanakuwa mahali ambapo donge linazaliwa. Tena namna ya mafuta ina maana. Mwaka 2016 timu ileile ilionyesha kwamba ukibadilisha vichwa na mikia ya mafuta, mwendo wa kushikana unabadilika vilevile.

6. MAHALI PA KUCHOMA TAKA

Kila lupango lina shimo la taka. Seli nayo iko na mahali pake, panaitwa lizozomi. Pale proteini zilizozeeka na mafuta yaliyochakaa yanakatwa vipande, na vipande vinatumika tena.

Kuna mafuta moja yanayoitwa glukosili-seramidi. Kisu cha kuyakata kinatengenezwa kwa mafundisho ya jeni GBA1. Mtu akirithi GBA1 mbaya toka kwa baba na toka kwa mama, mafuta hayo yanajaa mu mwili wake, na anapata ugonjwa unaoitwa kwa jina la Gaucher, munganga Mfaransa aliyeueleza mwaka 1882. Waganga waliokuwa wanawaangalia wagonjwa hao walishangaa kuona kwamba wamoja wao, na hata wazazi wao wenye jeni moja tu mbaya, wanapata Parkinson. Mwaka 2009 timu za nchi nyingi zilikusanya hesabu zao, na zikaona kwamba kosa la GBA1 linapatikana kwa wagonjwa wa Parkinson zaidi ya mara 5 kuliko kwa watu wengine.

Mwaka 2011 wengine walieleza namna inavyotendeka. Mafuta yasiyokatwa yanajaa, yanashikilia alfa-sinukleini mu hali ya madonge madogo, na madonge hayo kwa upande wao yanazuia kisu kufika pa kazi yake. Shimo limejaa, hakuna anayechoma, na taka zinazidi.

Sasa musikie jambo linalotuhusu sisi Waafrika. Kwa muda mrefu utafiti wa jeni za Parkinson ulifanywa zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2023 timu iliyokuwa na Mie Rizig wa London na Njideka Okubadejo wa Lagos, mu Nigeria, ilitoa habari ya watu wenye asili ya Afrika: wagonjwa 1.488, na watu 196.430 wasio wagonjwa wa kulinganisha. Walikuta badiliko moja mu GBA1 ambalo kwa watu wa Ulaya karibu halionekani. Mwenye nakala moja ya badiliko hilo, hatari yake inapanda mara moja na nusu hivi. Mwenye nakala mbili, mara tatu na nusu hivi. Hatari kupanda si hukumu: watu wengi wenye badiliko hilo hawatapata ugonjwa kamwe. Lakini somo ni kwamba jambo kubwa lilikuwa limefichika ndani ya damu yetu, na hakuna aliyelitafuta mpaka Waafrika wenyewe walipoingia mu kazi.

Tuongeze moja tu. Mwaka 2019 wataalamu waliokuwa wanafanya kazi Basel, mu Uswisi, walitazama miili ya Lewy kwa mikroskopi ya umeme. Wengi walitegemea kuona nyuzi za proteini tu. Waliona pia vipande vingi vya kuta za seli, vimfuko, na mafuta, vyote vimebanana pamoja. Donge si la proteini peke yake. Ni proteini na mafuta vilivyoanguka pamoja.

Ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu ya wazee, ni ndugu wa huu. Proteini zake ni nyingine, lakini mafuta yako pale vilevile. Alzheimer mwenyewe, mu maandiko yake ya mwaka 1907, alitaja mafuta ndani ya seli zinazosaidia seli za ubongo. Na jeni linalojulikana zaidi kwa kupandisha hatari ya ugonjwa huo ni la proteini inayobeba mafuta, inayoitwa apolipoproteini E.

7. MAULIZO YA WANAFUNZI

Mbele ya kuandika tulizunguka mu kalasi na kukusanya maulizo. Haya njo yaliyorudi mara nyingi.

«Basi tuache kula mawese?» Hapana. Mafuta ya chakula yanakatwa tumboni, na hayaendi moja kwa moja kuwa ukuta wa ubongo. Hakuna mtu aliyepata Parkinson juu ya sombe ya mama yake.

«Je, ni vumbi la migodi?» Ulizo zuri kwa watoto wa Katanga. Manganezi, ile iliyochimbwa Kisenge, mtu akivuta vumbi lake kwa wingi na kwa miaka, inaweza kuleta ugonjwa unaofanana na Parkinson. Habari hiyo iliandikwa mu Uingereza tangu mwaka 1837. Lakini ugonjwa wa manganezi unaharibu sehemu nyingine ya ubongo, hauna miili ya Lewy, na dawa ya Parkinson haiusaidii sana. Munganga peke yake njo anaweza kutenganisha.

«Mbona wagonjwa hawa hatuwaoni hapa kwetu?» Tunawaona, lakini tunawaita majina mengine. Mu wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, Tanzania, watu walipita nyumba kwa nyumba kati ya wakaaji 161.071. Habari yao ilitolewa mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33, na wengi wao, zaidi ya watu 3 kwa 4, hawakuwa wamepata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walikuwa wanaishi tu na kutetemeka kwao, pamoja na maneno ya majirani.

«Iko dawa?» Dawa ya kuponya kabisa haiko. Iko dawa ya kusaidia, levodopa. Ubongo unaigeuza kuwa dopamini. Mu mwaka 1961 waliijaribu mu Vienna, na tangu 1967 ilijulikana namna ya kuwapa wagonjwa kipimo cha kutosha. Shirika la Afya la Ulimwengu limeiweka mu orodha ya dawa za lazima. Haizuii madonge, lakini inampa mtu saa za kutembea na kufanya kazi.

«Upupu je?» Wavulana munaujua upupu, wamoja wenu muliutia pa benchi la kalasi nyingine mwaka jana. Ni kweli kwamba mbegu zake zina levodopa, jambo linalojulikana tangu mwaka 1937, na wataalamu wanazijaribu kwa wagonjwa wasio na pesa ya dawa. Lakini tunawakataza kabisa kumpelekea mzee mbegu. Kipimo kikizidi, kinaleta kutapika, kizunguzungu na hata kuona vitu ambavyo haviko. Hiyo ni kazi ya waganga.

8. TUFANYE NINI

Mu Injili ya Yohana sura ya 9 tunasoma habari ya kipofu, na namna watu walivyotaka kujua kwanza nani alikosa, yeye au wazazi wake. Sisi nasi tulianza na ulizo hilo juu ya mzee. Tulitafuta kosa lake, kumbe yalikuwa mafuta na proteini, vitu ambavyo kila mmoja wetu anavyo mu kichwa chake.

Mtu anayejua hawezi tena kujitetea kwamba hakujua. Basi tumekubaliana haya na Bwana Prefe:

Moja. Jina la «Mzee Tetema» limekwisha. Anayemwiga mwendo wake ataandikwa mu kaye, na sisi makapita tutajiandika wa kwanza kama tukinyamaza.

Mbili. Mjukuu wake amerudi masomo tangu juma lililopita. Pa benchi lake sasa kunakaa watatu, na kapita mmoja alikaa pale siku ya kwanza ili wote waone.

Tatu. Viatu mupeleke kati ya saa tatu na saa tano ya asubuhi, kwa ruhusa ya mwalimu. Mzee ametueleza kwamba saa hizo dawa inamshika vizuri na sindano inamtii. Baada ya saa tano mumuache apumzike.

Nne. Musitegemee tena kijikaratasi. Kila mmoja aandike jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa, aliweke ndani ya kiatu.

Juzi tulipeleka viatu vyetu. Tulimwomba mzee radhi, mbele ya mjukuu wake. Uso wake haukubadilika, na zamani tungesema ametukasirikia. Sasa tunajua kwamba uso wake hauwezi tu. Alitutazama kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo:

«Muketi, batoto. Kiatu hiki nitakimaliza sasa hivi.»

Tulikaa. Kilichukua saa moja na nusu, na kilishonwa vizuri.

Kwa niaba ya makapita wote,
Kapita mkubwa wa wanafunzi, kalasi ya mwisho, Biolojia na Shimi